Je, "addict" ni mtumwa aliyezoea minyororo?

"Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31. Alitumia unga kwa miaka tisa, na sasa ana miezi saba soba. Mwezi wa tatu yeye na wenzake walifanyiwa semina. Mwezeshaji akaandika ubaoni neno ADDICT, akawaambia limetokana na mtumwa wa Kirumi aliyeitwa Addictus. Bwana wake alimwacha huru, lakini alikuwa ameizoea minyororo kiasi kwamba aliendelea kutembea nayo mpaka akafa. Akaongeza kuwa 'a' ni 'bila' na 'dict' ni 'kusema', kwa hiyo addict ni mtu asiye na sauti. Tangu siku ile mdogo wangu amebadilika. Juzi tulikaa kikao cha familia kuhusu kiwanja cha marehemu baba. Alipoulizwa maoni yake akajibu: 'Mimi ni addict, sina sauti, amueni nyinyi.' Wakaamua. Naomba kujua, hadithi hiyo ni ya kweli? Kwa Kiswahili tumwiteje: teja, mraibu, mgonjwa? Na kama neno lenyewe asili yake ni utumwa, ndiyo kusema hawezi kupona?"

Dada, pole kwa hiyo miaka tisa, na hongereni kwa miezi saba. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara ninakwama palepale, kwenye neno lile moja, "wakaamua". Mtu kapewa maana ya neno, kaibeba mpaka nyumbani, na ikamgharimu kauli yake juu ya kiwanja cha baba yake. Ingekuwa maana ya kweli ningesikitika. Ilivyo si ya kweli, nimekasirika kidogo, utanisamehe.

Kazi yangu ni historia ya maneno, si udaktari. Ya maneno nitakujibu kwa urefu. Ya tiba nitagusa yale tu ambayo hayana ubishi, na nitakwambia ni wapi inabidi uinuke uende kumwona mtu wa fani hiyo.

Nianze na hadithi. Mtumwa aitwaye Addictus hayupo katika maandishi yoyote ya Kirumi. Ni hadithi ya siku hizi, inapita kwenye semina na mitandao kwa sababu ni tamu na ina funzo tayari ndani yake. Addictus si jina la mtu hata kidogo. Ni umbo la kitenzi, kama sisi tunavyosema "mshitakiwa" au "aliyehukumiwa". Ni sawa na mtu kukusimulia kwamba hapo zamani palikuwa na mwizi mmoja jina lake Mshitakiwa, na ndiyo maana hadi leo watu wote walioko kizimbani wanaitwa washitakiwa. Ungecheka.

Uchambuzi wa "a" na "dict" nao haukai. Ile "a" yenye maana ya "bila" ni ya Kigiriki, na neno hili ni la Kilatini kuanzia kichwa hadi mguu. Tena tazama tahajia yake: lina "d" mbili. Ya kwanza ni mali ya kiambishi "ad", chenye maana ya "kwenye" au "kuelekea kwa". Ya pili ndiyo inayoanza "dicere", kusema au kutamka. Mwezeshaji alipokata neno alikata pasipo mfupa.

Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza, maana sarufi yake inalielewa jambo hili bila kufundishwa. Sisi tuna kauli ya kutendea: soma, somea; kata, katia; tamka, tamkia. Kilatini kilifanya jambo la namna hiyo kwa kuweka "ad" mbele. "Dicere" ni kutamka, na "addicere" ni kutamka kwa ajili ya fulani, kutamka kwamba kitu hiki ni chake. Nitaliita kutamkia, ingawa najua linasikika geni kidogo.

Nani alikuwa akitamkia? Mara nyingi ni hakimu. Warumi walikuwa na hakimu aliyeitwa praetor, na kazi yake yote ya kuamua mashauri waliikusanya katika maneno matatu: do, dico, addico. Natoa, natamka, natamkia. Kalenda yao ilikuwa na siku ambazo hakuruhusiwa kuyatoa kinywani maneno hayo, na siku hizo shughuli za mahakama zilisimama. Kwenye mnada pia, mali ilipomwangukia aliyetoa bei ya juu, walisema imetamkiwa kwake. Hata ndege walihusika. Warumi walitazama ndege kabla ya jambo kubwa, kama wazee wetu wa pwani walivyojua ndege njema na ndege mbaya, na dalili ilipokuwa ya heri walisema ndege "wametamkia", yaani wamekubali. Kwa hiyo kitenzi chenyewe hakikuwa na ubaya. Kilikuwa kitenzi cha ofisini.

Ubaya uliingia kwenye madeni. Sheria ya zamani ya Kirumi iliyoandikwa, ile ya Mbao Kumi na Mbili ya miaka ya 451 na 450 kabla ya Kristo, ina sehemu inayomhusu mdaiwa, na inatisha kwa jinsi inavyohesabu kila kitu. Mtu akikubali deni au akihukumiwa kulilipa, anapewa siku 30. Zikipita, mdai anaruhusiwa kumwekea mkono na kumpeleka kwa hakimu. Asipolipa, na asipopatikana wa kumdhamini, mdai anaondoka naye. Anamfunga kwa kamba au kwa pingu za miguu, na sheria inataja mpaka uzito, ratili 15. Ratili ya Kirumi ilikuwa kama gramu 330, kwa hiyo piga hesabu ya kilo tano miguuni. Aliyefungwa akitaka kula chakula cha kwao, ruhusa. Asipokuwa nacho, mdai ampe ratili moja ya nafaka kwa siku, na akipenda amzidishie. Hali hiyo inaendelea siku 60. Katikati ya siku hizo anatolewa hadharani mara tatu, katika siku za soko zinazofuatana, na deni lake linatangazwa kwa sauti, pengine atatokea ndugu au rafiki wa kumkomboa. Siku ya tatu ikipita kimya, sheria iliruhusu auawe au auzwe ng'ambo ya mto Tiber, yaani nje ya mipaka ya mji, kwa wageni.

Mtu huyo, aliyetamkiwa kwa mdai wake, ndiye addictus.

Kwa hiyo, dada, mwezeshaji hakukosea kila kitu. Kweli kuna Rumi, kweli kuna minyororo, na kweli, kwa namna fulani, kuna kunyimwa sauti, maana mwenye kusema alikuwa hakimu na mdaiwa alisemewa. Uongo uliokaa jirani na ukweli ndio mgumu kuung'oa. Lakini hadithi ya semina na habari ya mahakamani zinatofautiana mahali pazito. Mtumwa wa semina anabaki na minyororo kwa mazoea yake mwenyewe, mlango uko wazi. Mdaiwa wa Rumi amefungwa kwa nguvu ya sheria, na watu wanaitwa sokoni mara tatu kuja kumtoa. Ya kwanza inamlaumu aliyefungwa. Ya pili inauliza ndugu zake wako wapi.

Jambo ambalo ningependa mdogo wako alisikie kuliko yote haya ni hili. Warumi wenyewe waliulizana kama addictus ni mtumwa. Karne ya kwanza baada ya Kristo palikuwa na mwalimu wa ufasaha aliyeitwa Quintilian, akafundisha wanasheria vijana namna ya kutofautisha vitu vinavyofanana, na mmoja wa mifano yake ni huu hasa. Alisema kuwa mtumwa ni jambo moja, na kuwa katika hali ya kutumika ni jambo jingine. Mtumwa akiachwa huru anakuwa mtu aliyeachwa huru, na alama hiyo haimtoki. Addictus akiupata tena uhuru wake anakuwa mzaliwa huru, kama alivyokuwa kabla. Tena, akasema, mtumwa hana jina kamili la Kirumi, hana kabila analohesabiwa ndani yake. Addictus anavyo. Hata akiwa na pingu miguuni ana jina lake, jina la ukoo wake, na kabila lake.

Kiswahili cha pwani kina maneno ya kuipima tofauti hii kwa usahihi kuliko Kiingereza. Mtumwa ni mtumwa. Aliyeachwa alikuwa huru, na watu waliendelea kukumbuka kwamba aliwahi kumilikiwa. Muungwana ni mzaliwa huru. Quintilian anasema addictus akitoka anarudi kuwa muungwana. Siandiki hivi ili kumpamba mdogo wako. Ndivyo sheria yao ilivyosema. Na kwetu pia palikuwa na kitu cha kufanana: wakati wa njaa, watu wa pwani na bara yake waliwahi kumweka mtoto au ndugu rehani kwa mwenye chakula, na ndugu wakajua kwamba aliye rehani hajauzwa, kuna siku ya kumkomboa. Tatizo lilikuwa siku hiyo isipofika.

Warumi waliichoka biashara hii. Mwanahistoria Livy anasimulia kuwa mwaka 326 kabla ya Kristo kijana mmoja, Gaius Publilius, alijiweka mikononi mwa mdai kwa deni la baba yake. Mdai, Lucius Papirius, akamtaka kimwili, na kijana alipokataa akamvua nguo na kumchapa viboko. Kijana akakimbilia barabarani na mgongo umechanika, umati ukakusanyika, na siku hiyohiyo viongozi wakaanza kutunga sheria ya kuzuia mtu asifungwe mwili kwa sababu ya mkopo. Madeni hayakwisha, na mbinu za kuwabana wadaiwa zilibaki, lakini kanuni ikawa kwamba dhamana ya mkopo ni mali ya mdaiwa na si mwili wake.

Baada ya hapo neno likaanza kutembea nje ya mahakama. Mshairi Horace aliandika kwamba yeye si addictus wa mwalimu yeyote, yaani hajafungwa kuapa kwa maneno ya bwana fulani. Chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilichukua wito wake kutoka kwenye mstari huo. Maana yake haihusu tena pingu. Mtu anajitoa mwenyewe kwa jambo, au kwa mtu.

Kwa maana hiyo ndipo Waingereza walipolipokea, katika karne ya 16, na ukisoma matumizi yao ya kwanza utashangaa. Mtu aliweza kuwa addicted kwa kusoma vitabu, kwa sala, kwa kuwatumikia wengine. Waliweka kitenzi katika umbo la kujitendea: mtu anajitoa, anajitia. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 16 aya ya 15, inaisifu nyumba ya Stefana kwa sababu watu wake walikuwa "have addicted themselves" kwa huduma ya watakatifu. Fungua Biblia yenu ya Kiswahili aya hiyo uone. Ni sifa, na Paulo anawahimiza Wakorintho wawatii watu wa namna hiyo. Shakespeare, miaka michache kabla ya hapo, mnamo 1599, anamwandika askofu akishangaa kwamba mfalme kijana ambaye mwelekeo wake, addiction yake, ulikuwa kwenye mambo ya upuuzi, sasa anazungumza kama mwanazuoni. Neno lilihitaji kuambiwa mwelekeo ni wa upuuzi. Lenyewe lilikuwa halijui.

Lilichafukaje, basi? Kwa kifupi, kwa dawa. Mofini ilitolewa kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, bomba la sindano likaingia matumizini katika miaka ya 1850, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Ndiyo, unga uliomla mdogo wako miaka tisa ulianza kwenye chupa ya dukani yenye nembo. Watu wengi wakajikuta hawawezi kuacha dawa waliyoandikiwa. Madaktari wa Uingereza na Marekani wakahitaji neno, wakaliokota hili. Halafu, kuelekea mwaka 1900 na baada yake, likatokea jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: neno likaacha kuwa kitenzi na sifa, likawa nomino. Zamani mtu alikuwa *amejitia* katika jambo fulani. Sasa mtu *ni* addict. Kwa miaka karibu 400 Kiingereza kilieleza mtu anafanya nini, kisha ghafla kikaanza kueleza mtu ni nini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1914 ya kudhibiti dawa hizo ikakuta nomino iko tayari, na polisi na magazeti wakaibeba.

Madaktari wenyewe hawakutulia nalo. Shirika la Afya Duniani mwaka 1957 lilijaribu kutenganisha uraibu na mazoea ya kawaida, likaona mpaka haushikiki, na mwaka 1964 likapendekeza neno jingine, utegemezi. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 haulitumii neno addiction kama jina la ugonjwa. Unazungumzia tatizo la matumizi ya kitu fulani, na unalipima kuwa dogo, la kati au kubwa. Kwa hiyo mdogo wako akienda leo kwa daktari aliyesoma mwongozo huo, jina lililomnyamazisha kikaoni halitaandikwa kwenye faili.

Umetaja pia mazoea, kwamba Addictus "aliizoea" minyororo. Niseme neno moja hapo, kwa sababu Kiingereza kina "habit" na watu hulichanganya na hili. Habit limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha "kuwa na", likaingia Kiingereza likiwa na maana ya mavazi. Joho la mtawa linaitwa hivyo hadi leo. Kutoka vazi la mwilini likafika kwenye vazi la mwenendo. Kiswahili kilikwenda njia nyingine: tabia imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kupiga chapa, mzizi uleule wa matbaa, na ada imetoka kwenye mzizi wa kurudi, jambo unalolirudia. Vazi, chapa, kurudi. Wahenga wakamaliza kwa maneno matatu, mazoea yana taabu, na hawakusema hayaondoki.

Hata hivyo asili ya neno isikuteke, iwe mbaya au nzuri. Hapa nawaonya hata nyinyi mtakaoipenda habari ya Quintilian. Neno halibebi maana yake ya kwanza kama mtu anavyobeba damu ya babu yake. Sisi tunasema "mstaarabu", na chanzo chake ni kuwa kama Mwarabu. Nani anawaza hivyo anapomsifu jirani yake wa Songea kwa kuwa mstaarabu? Ikiwa neno haliwezi kumfanya jirani yako Mwarabu, haliwezi kumfanya mdogo wako mtumwa.

Sasa swali lako la Kiswahili. Teja, kwanza. Mwambie kila mtu nyumbani aache. Sikiliza sarufi yake: ukiweka "m" mbele unapata mteja, mnunuzi. Ukiiondoa, mtu anatoka kwenye ngeli ya watu anaingia ngeli ya jitu na toto, wingi mateja, kama majitu. Waliopitia huko wakiitana hivyo wao kwa wao ni utani wao, kama arosto lilivyo neno lao kwa ile siku ya baridi, jasho, mafua na tumbo kukata mwili unapokosa unga. Sisi tuliokaa nje hatuna ruhusa hiyo.

Mraibu ndilo neno la ofisi za serikali na kliniki zetu, na historia yake inanifurahisha. Kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani zinaeleza uraibu kuwa ni vile vya kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa, tumbaku, katu. Vilikaa kwenye sinia au kijaluba, mgeni akifika anatandikiwa jamvi na anasogezewa. Bibi mmoja niliyemjua utotoni alikuwa na kisu kidogo cha kukatia popoo, na sauti ya kisu kile, tk, tk, ndiyo ilikuwa dalili kwamba mazungumzo ya watu wazima yameanza na watoto tutoke. Huo ndio ulikuwa uraibu. Kitu cha kujiburudisha ambacho mtu akikikosa anakihisi, na kinaliwa na watu waliokaa pamoja. Kwa hiyo Kiingereza kilikwenda kuchukua neno lake kwa hakimu, Kiswahili kikachukua lake kwenye sinia la mgeni. Mraibu halina pingu. Lakini nalo ni nomino, na ukimwita mtu hivyo asubuhi na jioni litafanya kazi ileile. Mimi ningesema "anatumia", "alitumia", "ana uraibu", "yuko kwenye matibabu". Vitenzi. "Mgonjwa" pia si kosa, hasa mbele ya ndugu wanaodhani ni ukaidi tu, ila mtu mzima wa miaka 31 aliyekaa soba miezi saba hachelewi kulichoka.

Kuna jambo moja ninalotaka uwe mwangalifu nalo. Katika vikundi vya Narcotics Anonymous, vilivyoanza California mwaka 1953 na sasa viko hata kwetu, mtu husimama akasema jina lake kisha akasema yeye ni addict. Wengi linawasaidia. Kwao ni kukiri mbele ya wenzao wanaoelewa, ni kinga dhidi ya kujidanganya kwamba "mara moja tu haitanidhuru". Mdogo wako akilisema kwenye kikundi chake, usimkataze wala usimsahihishe. Swali ni kwamba neno lilelile linafanya nini likitoka nje ya kikundi. Pale kikundini linamfungulia mdomo. Kwenye kikao chenu lilimfunga.

Kuhusu kupona, nitasema kidogo. Kinachomshika mtu kwenye heroini hakihitaji hadithi ya minyororo. Dawa inafanana na vitu ambavyo ubongo wenyewe hutengeneza kutuliza maumivu. Ikija kila siku kutoka nje, ubongo unajipanga upya kuizingatia, unadai kipimo kikubwa zaidi ili upate kilekile, na ikikosekana mwili unapiga kelele. Baada ya wiki chache kelele za mwili hupungua. Kinachobaki muda mrefu ni kumbukumbu: kona fulani, mtu fulani, hata mlio wa kiberiti, vinaamsha hamu. Watu wengi huteleza na kurudi zaidi ya mara moja kabla hawajatulia, na wengi hutulia. Kuteleza si ushahidi kwamba aliumbwa hivyo.

Hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine, na sitaki uipitie haraka. Mtu aliyekaa miezi saba bila kutumia, mwili wake umesahau vile vipimo. Akiteleza na kurudia kiasi alichokizoea zamani, kinaweza kumuua usiku huohuo. Ukimkuta haamki, anapumua kwa shida au kwa kuchelewachelewa, midomo imekuwa ya bluu, usisubiri kukuche na usimmwagie maji. Mpelekeni hospitali mara moja na mseme wazi ni unga, kwa sababu iko dawa ya kuuzima mwilini na daktari anahitaji kujua.

Kama hamu inamrudia kwa nguvu, au ameshateleza, nendeni kwenye kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga. Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2011, na sasa ipo katika miji mingine ya Tanzania, Zanzibar na Kenya. Mtu anakuja, anapewa kikombe chake cha dawa ya maji, anakunywa mbele ya mhudumu, anaendelea na kazi zake. Utasikia watu wakisema huko ni kubadilisha bwana. Si kweli. Dozi inapimwa na daktari, haimleweshi aliyezoea, na inampa siku isiyo na arosto ili apange maisha. Ikiwa pia anakunywa pombe nyingi kila siku, asiiache ghafla peke yake nyumbani, maana pombe ikikatwa kwa mkupuo inaweza kuleta degedege. Na akianza kusema hana haja ya kuishi, hata kwa mzaha, hilo haliwezi kusubiri mtu kama mimi amalize kuandika kuhusu Kilatini.

Nimalizie na kiwanja, ingawa hukuniuliza. Muhtasari wa kikao mnao? Kama uamuzi haujafika mahakamani wala serikali ya mtaa, ombeni kikao kingine. Mwandikieni barua ya mwaliko, kwa karatasi, si ujumbe wa simu, na juu yake mwandike majina yake yote matatu: lake, la baba, la babu. Akija, msimuulize wa mwisho.